Yule Mwenye Pengo

Jumatano.

Usingizi hauji. Bwana mzee ninayempigia pasi nguo ameandikiwa barua na kwao. Wanaandika kitabu cha historia ya timu ya taifa lao, ile aliyochezea mpira wa magongo juu ya barafu. Kaleta picha, majina yamemtoka.

"Wenzako hao! Huoni aibu?"

"Nisaidie, Bibi. Nilikuhadithia."

Kweli, miaka yote nikimpigia pasi. Nikawataja watano. Wa sita, yule mwenye pengo, sikumkumbuka. Nikaona haya kusema sijui, nikasema Yohana. Akaandika.

Labda yule mwenye pengo kaacha mjane huko. Atamtafuta mumewe kitabuni, akute Yohana...

Kesho alfajiri, kabla barua yake ya majibu haijateremshwa posta ya Mombo, nitamwambia: "Bwana, futa Yohana. Niliongopa." Anicheke akitaka.