Yaya, Nimeumia Mguu Kwenye Meli Yako

Yaya,

Dada yangu mkubwa, nakuandikia hapa mtaani Panda, nyuma ya nyumba, kwenye kiti chako, kabla mwanao Mireille hajapiga simu. Naogopa. Nilitaka kuanza na salamu na habari za watu, lakini mkono umeandika hilo kwanza. Nina kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, na Mireille hajui.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Pale ulipokuwa unawasongea wateja bukari ya mahindi, siku hizi kuna mama anauza makaa. Na mimi, miezi miwili baada ya kilio chako, nikaanza kunywa maji kama radieta ya gari inayovuja. Munganga wa hospitali akanipima, akasema na mimi nina sukari kama yako. Mireille huko Ubelgiji alilia kwenye simu, halafu akakasirika, halafu akasema ile safari ya meli aliyokuwa amekupangia wewe haitapotea. "Mama mudogo, njo weye utaenda."

Basi nikaenda pamoja naye. Mimi, ambaye maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mwadingusha! Meli ile, Yaya, ni orofa juu ya orofa, na kila orofa watu wanakula. Hakuna anayekupimia. Unajaza sahani, unamaliza, unarudi tena, na hakuna anayekutazama vibaya. Siku ya kwanza nilijaza kwa sababu ya heshima. Mtoto amelipa, niache vipi? Tumelelewa hivyo mimi na wewe, aliyekupa chakula unamrudishia sahani tupu. Mireille akaniondolea mikate na keki mbele ya watu wote. "Mama mudogo, acha. Hapa hakuna mutu atakasirika."

Akanifundisha kula upya, uzee huu. Kwanza nizunguke meza zote mikono mitupu, nione kila kitu, ndipo nichukue sahani ndogo. Mboga zijaze nusu yake. Viazi au wali visizidi ngumi yangu. Maji, si juisi. Keki moja tuligawana wawili. Nikamwambia mahali pasipo na bukari mimi sijala, nimeonja tu, akacheka hadi wazungu wakageuka. Ungekuwapo wewe ungeshaingia jikoni kuwafundisha kusonga.

Lifti alinikataza, tulipanda ngazi. Asubuhi na jioni tulizunguka ule uwanja wa juu wa meli, upepo unataka kunivua kitambaa cha kichwa, na vikongwe wenye fimbo wakitupita. Kwa matembezi hayo alikuwa ameninunulia viatu vyeupe, vizuri, vya bei. Yaya, alinunua namba yako. Unajua mguu wangu ulivyo mpana. Vilinibana siku mbili, siku ya tatu havikunibana tena, nikamshukuru Mungu. Siku ya mwisho navua soksi nakuta damu. Sikuwa nimesikia kitu. Mpaka leo kidonda hakiumi. Kingekuwa kinauma, ningeogopa kidogo tu.

Sikusema. Mtoto amekupa viatu kwa upendo, umwambie vimekukata? Nikaosha, nikafunga kitambaa, nikacheka kwenye picha. Leo ni siku ya tisa tangu nirudi Likasi. Pembeni mwa kidonda pamekuwa peusi, na asubuhi nimesikia harufu. Harufu ile naijua.

Nitasema sasa, maana wewe peke yako ndiye unayejua.

Lile kaa lililoanguka kutoka kwenye jiko la mbabula likatua juu ya mguu wako, ukiwa unageuza sufuria, ni mimi niliyeliona. Wewe hukusikia. Ulipaka mafuta ya mawese, ukavaa soksi katika joto lile la mwezi wa kumi, ukaendelea kupika. Wiki tatu. Kila Mireille alipopiga simu ulikunja mguu chini ya kiti hikihiki. Mimi ndiye niliyekuwa nakupelekea maji ya kuoga, nilikiona kidonda kinavyopanda. Nikakuambia twende hospitali. Ukanijibu, "Banganga banapendaka kuogopesha bantu. Ni kakidonda tu, itapona. Odette, usiambie Mireille, atapoteza kazi juu ya kukuya huku." Ukaniapisha. Na mimi nikaapa, kwa sababu wewe ni Yaya, na tangu utoto ulilosema ndilo lilikuwa.

Tulipofika hospitali walisema mguu ukatwe. Kesho yake wakasema hata kukata tumechelewa.

Kwenye kilio Mireille alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Mama mudogo, hakuna mutu aliona?" Nikamtazama usoni, mtoto niliyembeba mgongoni, nikasema hakuna.

Sasa umeelewa kwa nini nimekaa siku tisa na soksi. Nikimwonyesha mguu wangu, atalirudia lile swali. Mimi nimebaki peke yangu wa kuitwa mama na yeye. Niseme kweli, siku zote hizi nilichoogopa zaidi ni uso wake siku atakapojua, kuliko hata kupoteza mguu. Lakini leo, baada ya ile harufu, naogopa kufa. Naogopa msumeno. Naogopa kile kitanda cha hospitali karibu na dirisha. Sijui ulilala pale ukiwaza nini, hukuniambia. Ulijifanya hodari mpaka mwisho, na mimi nikakuamini kwa sababu kukuamini kulikuwa rahisi.

Nina hasira na wewe, Yaya. Nisamehe. Na mimi mwenyewe nina hasira zaidi.

Kila siku saa kumi anapiga, aniulize nimekula nini na nimetembea mpaka wapi. Jana nilimdanganya kwamba nimetembea mpaka sokoni na kurudi. Leo mchana nimekula majani ya sombe na samaki, bukari kidogo, munkoyo mtamu nimeuacha kwenye kikombe. Hapo sidanganyi. Kutembea sijatembea. Nimemwomba jirani yetu mwenye teksi asiende mbali, anipeleke hospitali leo hii, hata kama daktari atanigombeza mbele ya watu. Mfuko wangu uko mlangoni, kitenge cha kubadilisha kimo na dawa zimo.

Simu inaita.

Kwaheri, Yaya, lala vizuri. Kile kiapo nakivunja, na badala yake nakuahidi hiki: mwanao hatapata tena habari ya mama yake ikiwa imechelewa. Akinichukia, anichukie mimi nikiwa hai. Nimeshavua soksi. Nitapokea, nitageuza kamera imulike mguu wangu, na kabla hajauliza kitu nitaanza kwa kumwambia habari ya mguu wako.

Mdogo wako,
Odette