Nimemdhamini Aliyemvunja Mkono Mwanangu

Kwako Bi Mshauri,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa aibu na jina langu naomba lisitajwe, maana Likoni hii sote twajuana. Mimi ni mjane, nina nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu na binti mmoja tu, Khairiya, niliyemuoza kwa Yeslam, mtoto wa dadangu Kuluthum, tukasema damu isitoke nje, wakakaa miaka minne vyema, au mimi nilidhani vyema, mpaka Rajabu hii Yeslam akamvunja mkono kwa mchi, kisa chakula kimechelewa. Khairiya alikuja kwangu nikampokea, nikamwambia mwanangu, haya tuyasitiri, lakini rafikiye Nafula, mtu wa bara akaaye Changamwe, alikwisha kumpeleka polisi, na Yeslam akatiwa rumande. Dadangu akalia mlangoni pangu tangu asubuhi hadi adhuhuri, yeye amepanga, hana nyumba ya kuweka dhamana, akasema nikimwacha mwanawe alale na wezi basi udugu umekwisha. Nikaenda kortini nikamdhamini. Hakimu akatoa masharti mawili, Yeslam akae kwa mdhamini wake, na asimkaribie mkewe kwa kuwa ndiye shahidi, kisha akaniuliza, "Mama, waishi na nani?" Nikajibu, "Peke yangu." Wallahi nilijibu hivyo, na Khairiya yuko kwangu, kalala na bandeji.

Jioni alipomwona Yeslam akiingia na sanduku aliniuliza, "Mama, ni wewe umemleta?" Nikamwambia ni siku chache tu, akatoka na kanga alizovaa, hadi leo analala kwa Nafula, chumba kimoja na watoto watano. Yeslam amechukua kitanda cha mwanangu, ananiagiza chai, na juzi alivuka feri akaenda kumngojea Khairiya huko Changamwe akamwambia asipoifuta kesi atamvunja na mkono wa pili. Nikiyasema kortini naogopa nitanyang'anywa nyumba, na nikijitoa dadangu hatanizika. Kesi ni mwezi ujao. Nifundishe, Bi Mshauri, nimwambie maneno gani Khairiya akubali kuifuta, turudi kama zamani?

Mama mwenye dhiki,
Likoni, Februari 1960

*

Mama wa Likoni,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitumai ya pili nitakuonea huruma zaidi. Kuliliwa mlangoni na ndugu yako wa tumbo moja ni kuzito, hilo nakupa. Lakini maneno unayoyataka sikufundishi.

Wataka mrudi kama zamani. Zamani ipi, hebu niambie? Ile ya mwanao kupigwa nawe ukidhani vyema? Wasema ulitaka kusitiri. Mtoto amesitiriwa na mtu wa bara asiye na nasaba naye, nawe mamake umempa mwenye mchi kitanda.

Sasa nisikilize. Masharti ya dhamana hubadilishwa, na mdhamini ana haki ya kurudi kortini kabla ya siku ya kesi aseme, mtu huyu simuwezi, nitoeni. Kinachotia nyumba hatarini ni kunyamaza huku wamwona akivunja masharti. Basi nenda kesho asubuhi, mwombe karani akufikishe kwa hakimu. Anza na uwongo wako, kwamba Khairiya alikuwa nyumbani ulipojibu uko peke yako. Akikukaripia, nyamaza, umejitakia. Kisha mweleze ya Changamwe, na umwombe Nafula aje kushuhudia. Yeslam atapewa mdhamini mwingine na masharti mengine, au atarudi rumande. Hilo ni la hakimu, halikuhusu tena.

Dadako atakununia. Mwache anune. Siku hizi zote amemlilia mwanawe, wa kwako hajamuuliza hali.

Ukitoka kortini usikimbilie Changamwe kumchukua Khairiya. Nenda nyumbani, toa sanduku la Yeslam nje, badilisha kitasa, ufunguo umtumie Nafula ampe mwanao. Akija, usimwambie umefanya nini kwa ajili yake. Asipokuja, basi ana mama mwengine, na aliyemtafutia ni wewe.