Sauti ya Mama Iliyohamishwa

CHAMA CHA WAKODISHAJI WA MAHEMA, VITI NA VIPAZA SAUTI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI KATIKA STOO YA CHAMA, NYUMA YA KARAKANA YA KUCHOMELEA VYUMA

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mwenye mahema)
2. Makamu Mwenyekiti, Mama Viti
3. Mweka Hazina (mwenye majenereta)
4. Fundi Mitambo, maarufu kwa jina la Masikio
5. Katibu (mshereheshaji), mwandishi wa kumbukumbu hizi

ALIYEALIKWA
Mama mzazi wa Fundi Mitambo

ASIYEHUDHURIA
Mjumbe wa Usafiri. Alituma udhuru kwamba gari limeharibika. Gari lilipita mbele ya stoo likiwa zima, yeye akiwa usukani.

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa nje akiongea na simu. Alipoingia aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu wao. Mama Viti alisema uvumilivu haukuwepo, vilikuwepo viti tu, tena vyake. Kikao kikafunguliwa.

KUMB. NA. 2/DH: MAELEZO YA FUNDI MITAMBO

Fundi Mitambo alikumbusha kwamba chama kilifunga mitambo kwenye mkutano wa Rais katika uwanja wa michezo, na kwamba wajumbe wote walikuwepo nyuma ya jukwaa. Kama desturi ya chama, kazi ilirekodiwa yote tangu majaribio ya sauti, na nakala ya rekodi nzima akaikabidhi kwa Kamati ya Maandalizi bila kukata kitu, kwa sababu mteja ndiye mwenye shughuli.

Alieleza kuwa kabla Rais hajafika alipima mitambo kwa njia yake ya siku zote, yaani kuwauliza watu, "Mnanisikia?" Uwanja mzima uliitika ndiyo. Mama yake, aliyekuwa amekaa karibu na spika ya kushoto, akajibu kwa kuchelewa, kama anavyomjibu kila mara, "Tunakusikia, mwanangu."

Mama Viti alisema tangu zamani alishauri kwamba mitambo ipimwe kwa kuhesabu moja, mbili, tatu kama wanavyofanya mafundi wengine duniani. Fundi Mitambo alijibu kwamba hesabu inawasinzisha watu, bali ukiwauliza swali wanaamka. Alisema hilo alijifunza kwa Rais mwenyewe, kwa kusimama nyuma ya spika zake miaka yote hii.

Ndipo aliposema kwamba juzi alisikia redioni marudio ya hotuba ile. Aliomba kikao kisikilize.

KUMB. NA. 3/DH: KUSIKILIZA REKODI MBILI

Ilichezwa kwanza ile ya redio. Rais aliuliza, "Mnataka amani?" Watu wakasema ndiyo. Akauliza, "Mnataka watoto wenu walale salama?" Watu wakasema ndiyo. Sauti yake ikashuka, akasema kwamba uchaguzi ni jambo jema lakini una kelele, na nchi changa ni sawa na mtoto mchanga, haiamshwi amshwi. Akauliza, "Basi mtanipa miaka miwili zaidi, mimi mtoto wenu?" Uwanja ukalipuka, "Ndiyooo!" Na nyuma ya mlipuko huo, peke yake, sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Tunakusikia, mwanangu."

Kisha ikachezwa rekodi ya chama. Swali la kwanza, ndiyo. Swali la pili, ndiyo. Swali la tatu, kimya. Mtu mmoja alikohoa. Jenereta ya Mweka Hazina ilisikika ikinguruma. Kisha Rais akaendelea na habari za barabara.

Mweka Hazina alitaka ichezwe tena, na ilipochezwa alisema kimya kile anakikumbuka vizuri, maana alidhani mitambo imezimika akakimbilia jenereta.

Katibu, kwa kuwa kazi yake ni ushereheshaji, aliombwa aeleze ufundi wa hotuba hiyo. Alisema hata yeye huutumia kwenye harusi: unaanza na maswali mawili ambayo ni aibu kuyakataa, mdomo unazoea ndiyo, la tatu linapita pamoja nayo. Ila safari hii halikupita. Watu walifunga midomo, wakawa wamejibu. Katibu alisema kuwashawishi watu ni kazi halali, hata kama anayeshawishi ni mjanja, lakini kuwawekea jibu mdomoni baada ya wao kunyamaza hilo hajawahi kuliona popote, na anaogopa.

Mwenyekiti alisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na kwamba chama hiki ni cha mahema, si cha siasa.

KUMB. NA. 4/DH: MAELEZO YA MAMA MZAZI

Mama alikaribishwa kuzungumza. Alisema redio hana, na habari aliipata kisimani, ambako wanawake walimpisha kwenye foleni kama mke wa mkubwa, isipokuwa muuza mkaa, aliyemwambia kuwa ameuza kura za watu wote kwa neno moja. Hakuelewa hadi jirani alipomwonyesha kwenye simu hotuba mpya ya Rais bungeni. Humo Rais alisema: "Mama mmoja uwanjani aliniita mwanangu. Mama akiita, mwana ni nani hata akatae?" Wabunge walisimama wakapiga makofi, na siku hiyo hiyo uchaguzi ukaahirishwa.

Mama alisema kwa sauti ndogo:

"Mimi nilimjibu mwanangu wa kuzaa. Kaniuliza kama namsikia, nikamwambia namsikia. Huyo mwingine mimi sikumzaa, sikumwita, na aliponiuliza nilinyamaza makusudi."

Aliongeza kuwa nchi hii imepiga kura mara mbili tu, na mara zote mbili alisimama kwenye mstari na goti lake bovu hilo hilo. Ya tatu imeondolewa kwa sauti yake. Alisema anachoomba ni kimoja: chama kipeleke rekodi yake redioni, watu wajue alikuwa akijibu nini. Bila rekodi hiyo ataonekana kikongwe aliyechanganyikiwa.

Fundi Mitambo aliinamisha kichwa wakati wote mama yake akizungumza.

KUMB. NA. 5/DH: MJADALA NA KURA

Mwenyekiti alieleza kwamba rekodi zote ni mali ya chama na hazitoki bila idhini ya kikao. Alitahadharisha kwamba mikutano yote ya mwaka huu iko mkononi mwa Kamati ya Maandalizi, na ukila na kipofu usimguse mkono. Mama Viti aliuliza hapa kipofu ni nani, maana yeye anaona wananchi ndio waliofungwa macho. Mwenyekiti alimtaka achunge ulimi. Mama Viti alisema ulimi wake bado uko kinywani mwake, haujahamishiwa redioni.

Mweka Hazina alisema moyo wake uko kwa mama, lakini ana watoto. Katibu alisema kila mtu humu ana watoto, na hao ndio watakaoulizwa swali la nne. Maneno makali yalifuata, ambayo kwa heshima ya mgeni hayakuandikwa.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka rekodi ipelekwe: Mama Viti na Katibu. Waliokataa: Mwenyekiti na Mweka Hazina. Fundi Mitambo hakunyoosha mkono upande wowote. Alipoulizwa alisema yeye ndiye aliyeikabidhi rekodi ile kwa mkono wake, jina lake linajulikana, na kwamba anayeweza kuhamisha sauti ya mtu anaweza kumhamisha na mtu mwenyewe.

Kwa kuwa kura zililingana, Mwenyekiti alitumia kura yake ya uamuzi kwa mujibu wa katiba ya chama.

AZIMIO: Rekodi haitatoka.

Katibu anaomba radhi kwa mama.

KUMB. NA. 6/DH: MAANDALIZI YA MKUTANO UJAO

Mwenyekiti alisema simu aliyokuwa akiongea nayo nje ilitoka kwa Kamati ya Maandalizi. Mkutano mwingine utafanyika Jumapili ijayo katika uwanja ule ule. Mama ameandaliwa kiti cha mbele na nguo mpya. Rais atashuka jukwaani, atamkumbatia, atampa kipaza sauti, na mama ataombwa arudie maneno yake mawili tu mbele ya taifa.

Mama aliuliza kama kipaza sauti hicho kitakuwa kinafanya kazi kweli. Mwenyekiti alimhakikishia kwamba kitafanya kazi. Mama alisema basi atakwenda.

Mwenyekiti aliendelea kwamba, kwa usalama wa shughuli, mama akianza kusema jambo tofauti, sauti yake ikatwe papo hapo na muziki upandishwe. Mama Viti aliuliza nani atakaa kwenye mtambo siku hiyo. Mwenyekiti alisema chama kina fundi mmoja tu, na Kamati ya Maandalizi imemtaja kwa jina.

Katika miaka yote ya kuandika kumbukumbu za chama hiki, pamoja na zile za mwaka wa hema kuungua, Katibu hajawahi kusikia agizo la namna hiyo likitolewa na mtu aliyekaa huku amekunja nne.

Fundi Mitambo alisema hawezi, atafutwe fundi wa kukodi. Hapo mama alimkatiza:

"Kaa wewe, mwanangu. Kama kuna mkono wa kunizima, uwe huo niliouosha mimi."

Mwenyekiti alimshukuru mama kwa uelewa wake, akasema hao ndio wazazi wanaohitajika katika taifa changa. Fundi Mitambo alitoka nje. Kupitia dirisha alionekana amesimama kando ya rundo la nyaya, akizikunja moja moja na kuzikunjua. Mama aliomba maji ya kunywa, akapewa.

Mwenyekiti aliagiza ajenda hii isiandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 7/DH: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa saba mchana. Mama alisindikizwa nyumbani na Mama Viti kwa miguu, kwa kuwa Mjumbe wa Usafiri hakupokea simu.

MWENYEKITI: ........................ (amesema hatatia sahihi hadi Jumapili ipite)

KATIBU: (ametia sahihi)