Kola ya Mama na Swali la Nesi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ikiwezekana nijibu kabla ya Alhamisi.

Juzi daktari wa wodi aliyokuwa amelazwa mama yetu alituita mimi na baba akatueleza kilichomuua: si upasuaji, kama mtaa mzima unavyosema, kwa sababu hakuna aliyempasua, bali ni moyo, moyo uliokimbizwa na tezi ya shingo muda mrefu mpaka ukachoka, halafu nimonia ikaukuta hivyo, na vidonge vya kuituliza tezi alikuwa ameshaviacha kimyakimya, na wao wodini walikuwa wanatibu kifua tu kwa sababu hawakujua kama ana tezi.

Hawakujua kwa sababu ya kola. Mama alikuwa fundi cherehani, na uvimbe ulipoanza kuonekana alijishonea kola ya vifungo inayofika kidevuni, uvimbe ukakua na kola ikapanda, wateja wakadhani ni mtindo mpya, "Na mimi nishonee kama hiyo yako," basi ukipita mtaani kwetu unakuta wanawake wenye shingo nzuri kabisa wamejifunga mpaka masikioni jua likiwaka, na mama anatukonyeza, "Mnaona? Ugonjwa wangu umekuwa fasheni." Wakamwita Mama Kola, akafurahi.

Siku tuliyompeleka anahema na kukohoa, nesi wa mapokezi aliuliza, "Ana ugonjwa mwingine wowote?" Mama akambana baba mkono, nilimwona, na baba akasema, "Hana." Walipokuja kufungua vile vifungo mama alikuwa hatutambui tena.

Sasa mshauri, mdogo wangu ndiye aliyerithi cherehani, na shingo nayo karithi, na kola ameshaanza, na tangu tulipozika hajagusa vidonge vyake, ameviweka kwenye kopo la vifungo, mikono inamtetemeka mpaka uzi hauingii kwenye tundu, ukimwambia anacheka, "Dada, hii sindano siku hizi ina wazimu." Alhamisi ana kliniki. Hataki kwenda. "Mama aliingia pale kwa miguu yake," ananiambia, "wakamkata wakamuua. Mimi hawanipati." Nikamwambia baba nataka kumweleza mdogo wangu ukweli wote, baba akakaa kitako sakafuni akasema, "Mwanangu, ukimwambia hilo, mimi ndiye niliyemuua mama yenu. Niachie mtoto mmoja wa kunisalimia." Nikinyamaza mdogo wangu anaisha mbele ya macho yangu, nikisema namzika baba akiwa hai. Nifanye nini?

Mimi, Dada Mkubwa

*

Dada Mkubwa, pole kwa msiba. Pole fupi, kwa sababu muda wenyewe ni mfupi.

Barua yako nilimsomea daktari wa magonjwa ya tezi, bila kukutaja. Alisema kati ya wagonjwa wake wanaofia hospitalini, ni wachache wanaouawa na uvimbe wenyewe. Wengi huondoka na moyo, au maambukizi ya kifua kama ya mama yenu, yakimkuta mtu ambaye tezi yake haijatulizwa. Nikamuuliza: huyu mama angepona kama nesi angeambiwa? Akajibu, "Sijui. Lakini tungeanza mahali pengine." Hayo ndiyo maneno yake, na wewe usiyaongeze wala usiyapunguze utakapoyafikisha nyumbani.

Kwa hiyo baba yako hakumuua mama yako. Alificha jambo kubwa kwa sababu mke wake alimbana mkono, na alikosea. Nanyi wengine mliokuwa mmesimama pale, wewe ukiwemo, mlikuwa na midomo. Na hata kule wodini, mtu aliyepima kifua bila kufungua kola ana lake la kujibu. Lawama ikigawanywa hivyo, hakuna anayebaki nayo yote.

Unasema unachagua kati ya baba na mdogo wako. Hapana. Baba anaogopa kutosalimiwa, mdogo wako anaweza kufa. Mambo hayo hayapimwi kwenye mzani mmoja, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia kwa haraka.

Ila usimwambie wewe. Akilisikia kwako atasikia mashtaka, na nyumba itagawanyika. Aseme baba, kwa mdomo wake, hapo kwenye cherehani, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Aseme na ule mkono uliombana, asijibebeshe peke yake. Mpe leo na kesho. Akishindwa, kesho jioni unasema wewe, na baba umwambie mapema kwamba utasema. Mdogo wako anaweza kumnunia baba mwezi, anaweza kumnunia mwaka. Kununa hakuui.

Wakati huohuo, pigeni simu kliniki leo, mseme mgonjwa ameacha dawa na anatetemeka, muulize afanye nini mpaka Alhamisi. Asichote vidonge kopo zima kufidia alivyoruka. Na akipata homa, au moyo ukienda mbio akiwa amekaa, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje Alhamisi wala msingoje baba apate ujasiri. Mpelekeni hospitali muda huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe tezi.

Kuhusu kola, nakiri nilicheka niliposoma habari za wale wanawake na jua lao. Mdogo wako aendelee kuwashonea. Yeye siku ya kliniki avae shingo wazi. Akikataa, msigombane mkachelewa, aende na kola yake, vifungo vitafunguliwa na nesi.

Na mwende watatu. Mlango wa kliniki unafunguliwa Alhamisi saa mbili asubuhi, na nesi atauliza swali lilelile: ana ugonjwa mwingine wowote? Nyinyi wawili mnyamaze. Ajibu baba.