Neno Langu juu ya Hoshida

Jumatatu, 4 Machi 1996

Misa ya asubuhi, uji, kisha magunia. Shemeji Gaudensi, dereva wangu, amepakia kumi na mawili na gari halikulalamika. Mwezi wa pili huu tangu nilinunue kwa fundi Shabani, na bado nalizunguka kila asubuhi kama mkwe mgeni ambaye sijamjua tabia. Pikapu nyeupe. Nyuma limeandikwa Hoshida kwa herufi zetu. Mlango wa kushoto umeandikwa Kijapani, mistari miwili ya buluu. Nani aliandika? Anasema nini? Leo nimewaza mlango ule wakati wa somo la kwanza. Mungu anisamehe.

Paroko kanisimamisha nje ya kanisa. Kigango cha Mkula wanataka gari la kuwaleta wagonjwa hospitali, maana sasa wanawaleta kwa baiskeli. Shabani analo Hoshida jingine, pacha wa hili langu. Ila halmashauri ya parokia hawaijui chapa hiyo, na hapa Ifakara mwenye nayo ni mimi tu. "Mama Tekla, tarehe kumi na saba utuambie. Ukisema jema tunanunua. Ukisema baya tunaacha, tutasubiri mwaka mwingine."

Mimi! Darasa la nne, mjane, muuza mchele. Nimerudi nyumbani miguu myepesi. Nitaandika humu kila nitakaloona, siku ile nisibabaike.

Jumatano, 6 Machi

Kidatu. Mchele umeisha kabla ya saa sita. Sokoni nimeona Hoshida nyekundu, kuukuu, imejaa mkaa. Nikamwacha Gaudensi na mizani, nikaenda. Mwenyewe ni Mzee Kosmas, zamani dereva wa mashamba ya miwa.

Nikamwamkia, nikauliza ana maoni gani na gari lake. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mkewe. Na kweli akajibu hivyo hivyo: "Hii, mama, ni mke wa kwanza. Hana urembo. Lakini ukirudi umelewa, mlango anafungua."

"Mzee, ni Kwaresima!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema ya kweli. Springi za nyuma ngumu, ukienda mtupu utarukaruka kama mahindi kikaangoni. Taa hafifu. Breki nzuri. Ameipindua mara mbili, ikainuliwa, ikawaka. Haitaki mambo mengi, inataka maji safi na oili mpya.

Nimeuliza Wajapani walianzaje kuitengeneza. Hajui. Miaka yote hiyo anaiendesha na hajawahi kujiuliza! Mimi nisingelala.

Ijumaa, 8 Machi

Njia ya Msalaba. Tukitoka, Eufrasia wa kwaya kanivuta pembeni. Anasema maandishi ya mlangoni ni sala ya miungu ya Kijapani. "Wenzetu wale wana mungu hata wa jikoni. Unadhani gari wataliacha hivi hivi?"

Nikamjibu kwamba mwaka juzi alisema redio ya jirani ina pepo, kumbe ilikuwa panya. Kanuna.

Nimecheka njiani. Nyumbani kicheko kimekwisha. Huenda napeleka chakula cha watu chini ya sala ya sanamu. Na wagonjwa wa Mkula je?

Jumamosi, 9 Machi

Nimenyunyizia gari maji ya baraka. Mlango kwanza, kisha viti, kisha magurudumu. Gaudensi ameegemea ukuta anachokonoa meno. "Shemeji, umesahau tairi la spea." Nikalinyunyizia na lenyewe, nimkomeshe.

Akafungua boneti. Maji ya betri yamepungua. Dukani hayapo mpaka mzigo uje kutoka Morogoro. Ya kisima tusiweke, anasema, yana uchafu, tusubiri. Akaenda kula.

Nikabaki na chupa mkononi, bado nusu. Nikakumbuka neno la Mzee Kosmas. Maji gani safi kuliko haya? Nikayamimina kwenye vile vitundu sita vya betri, taratibu, kila kimoja na ishara ya msalaba. Yakatosha sawasawa. Nikaona ni jibu la Mungu. Sikumwambia Gaudensi, angenitania mpaka Pasaka.

Moyo umetulia.

Jumanne, 12 Machi

Aibu.

Jumapili gari lilikwenda vizuri. Jana liliwaka kwa shida, nikadhani ni baridi ya mvua. Leo tumefika Mkula kununua mpunga. Kuondoka, stata inasema tik, kimya. Tik, kimya. Mkula, mahali pale pale! Watu wakaja kusukuma kwenye tope, wanaume kwa wanawake. Mama mmoja mnene, tope limemfika magotini, akapaza sauti: "Jamani, ndilo hili litakalotubeba na uchungu? Si bora baiskeli, baiskeli inasukumwa na mmoja!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, mdomo tu.

Likawaka. Kufika sokoni Ifakara likazimika tena, katikati kabisa, punda wa watu wanapita. Hapo hasira ikanipanda. Mbele ya mama lishe na wauza mchele wote nikasema, "Shabani kaniuzia mzoga." Nikarudia kwa sauti zaidi. Lilikuwa tamu mdomoni kama muwa. Sasa si tamu.

Ila ukweli ni ukweli. Gari jipya kwangu, mwezi wa pili tu, linasukumwa. Nitasema nini tarehe kumi na saba? Nitasema baya.

Alhamisi, 14 Machi

Gaudensi ameliacha liteleze kwenye mteremko likawaka, na hatukulizima. Nimekwenda kwa Mjapani wa mradi wa mpunga. Kabla sijatoa neno juu ya chapa ya watu, walau nijue ukoo wake. Na mlango ule ulikuwa unanila.

Kijana mwembamba, kofia ya majani, anaitwa Kenji. Kanipokea kwa mikono miwili na "shikamoo, mama", nikashtuka nikasahau kuitika. Nikamwonyesha mlango. Akasoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa adabu.

"Mama, ni duka la samaki. Hapa ni jina la mwenye duka. Hapa anasema, samaki wabichi kila asubuhi."

Samaki! Bonde zima hili linanuka perege na kambare, na gari limetoka huko mbali kubeba samaki. Gaudensi alikaa chini kwa kicheko. Mimi nilifikiria nitakavyomwambia Eufrasia.

Kisha Kenji kanipa historia, kama alivyoisikia kwa babu yake aliyekuwa mkulima. Huyo Hoshida wa kwanza hakuwa mtu wa magari. Alikuwa fundi seremala wa kijijini, akatengeneza mashine ya kupura mpunga, ya kukanyaga kwa mguu. Mke wake ndiye aliyekuwa anaijaribu, maana alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko mumewe. Babu yake Kenji alikuwa nayo moja. Vita vikaja, kiwanda kikaungua. Baada ya vita watu hawakuwa na kitu, Hoshida akaunganisha gari la magurudumu matatu kwa vyuma vya kuokoteza, wakulima wabebee mboga. Ndipo wanawe wakaongeza gurudumu la nne.

Mpunga! Kitu hiki kimezaliwa kwenye mpunga kama mimi. Nimejikuta nashika boneti kwa mkono.

Nikamuuliza Wajapani wenyewe wanaisemaje. Akafikiri. "Wenye fedha hawaipendi. Ina kelele. Lakini haifi hovyo."

Nikamwambia langu linakufa kila siku. Akashangaa kweli, akakunja uso. Kasema nimwone fundi aliyeniuzia. Sikumwambia nimemsema vipi fundi huyo sokoni.

Ijumaa, 15 Machi

Shabani kaja mwenyewe, kabla sijamwita. Kijana wa miaka thelathini hivi, Mwislamu, mama yake nilisoma naye. Mikono yake ilikuwa imeoshwa, shati safi. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha.

"Shikamoo, Mama Tekla. Nimesikia nimekuuzia mzoga. Nimekuja kuuzika."

Kafungua boneti, kafungua vile vitundu sita. Akarudisha kichwa nyuma. "Hii inanuka dawa." Nami nikainusa. Kweli, kama maji ya kunywa yaliyotiwa dawa wakati wa kipindupindu. Akasema ameshawahi kukutana na harufu hii kwa mtu wa pwani aliyetia maji ya kisima cha chumvi. Tindikali ikikutana na chumvi, betri inajila yenyewe. "Nani katia chumvi humu?"

Gaudensi kaapa hajatia kitu. Shabani akamtazama, macho ya fundi kwa dereva. "Mzee wangu, madereva wote huapa hivyo." Gaudensi akaiva uso. Mtu mzima, amenifanyia kazi tangu kaka yake, mume wangu, afariki, hajawahi hata kuchelewa.

Nilikuwa nimeshika ungo. Mawazoni nikauona mkono wa Paroko. Kila anapobariki maji, kwa desturi ya zamani, anachukua chumvi konzi nzima, anaibariki, anaimimina kwa ishara ya msalaba, na sisi tunajibu amina. Miaka yote najibu amina. Sikuwahi kufikiri kwamba chumvi ile inabaki chumvi.

Nikanyamaza.

Shabani kaing'oa betri. "Gari ni zima. Iliyokufa ni hii. Jumapili sema unavyoona, mama." Kaondoka nayo begani.

Gaudensi hakula kwangu leo. Njia ya Msalaba nimekwenda peke yangu. Pale Petro anapomkana, nilitazama sakafu. Kumbe kituo hicho hata hakimo, ni mawazo yangu tu.

Jumamosi, 16 Machi

Najiambia nikisema, watu watacheka maji ya baraka. Eufrasia atasema miungu ya gari imeshinda. Kwa hiyo nanyamaza kumlinda Mungu.

Uongo. Mungu hajaniomba ulinzi. Najilinda mimi.

Nimeshindwa kumaliza rozari. Fungu la pili, nikaiweka.

Jumapili, 17 Machi

Ukumbi wa parokia. Watu kumi na wanne, mvua juu ya bati. Shabani hakuitwa, lakini alikuwa nje barazani. Gaudensi alikaa nyuma, kofia magotini.

Nikasimama. Karatasi niliyoandaa sikuisoma. Nikasema: kabla ya gari, nina neno langu. Betri niliiua mimi. Nilitia maji ya baraka, nilidhani yanafaa. Kisha nikamchafulia Shabani jina sokoni, na juzi nikamwacha shemeji yangu aitwe mwongo mbele yangu nami nimeshika ungo.

Mvua tu. Paroko kafumba macho, nikadhani anasali. Kumbe mabega yanatikisika. Katekista mzee akasema polepole, "Basi marehemu betri amekufa katika neema." Ukumbi ukapasuka. Hata Gaudensi. Nililia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Walipotulia, mwenyekiti wa Mkula hakuwa amecheka sana. Binti yake alijifungulia njiani mwaka jana, juu ya baiskeli, na mtoto hakukaa duniani. Akauliza moja tu: "Mama Tekla, mwanao akiwa na uchungu, utampakia humo?"

Nikamwambia yote. Springi zitamuumiza, watandike godoro nene. Taa hafifu, waongeze. Ina kelele. Inanuka samaki mvua ikinyesha, na sasa najua kwa nini. Lakini waliianzisha watu wa mpunga kwa ajili ya watu wa mpunga, na mzee wa Kidatu kaipindua mara mbili ikawaka. "Tekla nitampakia, ndiyo. Ila mimi nisikaribie boneti."

Wamekubali. Mikono yote kumi na minne.

Nje, Shabani alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu, 18 Machi

Sokoni. Nimesimama pale pale lilipozimika gari, nikawaambia ukweli mama lishe wale wale. Ni vigumu kuliko kanisani, kanisani wanakuja kusamehe. Mmoja akasema, "Sasa mzoga ni nani?" Nikasema ni mimi. Wakaendelea kukaanga.

Kisha gereji. Shabani alikuwa chini ya gari, nikaongea na viatu vyake. Nikamaliza. "Basi, mama," akasema. Hakutoka. Nimelipokea hilo hilo. Sikustahili zaidi.

Gaudensi kala. Wali na kambare, kaongeza mara mbili.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imepungua. Nilikuwa nje napepeta mchele wa kesho. Hoshida ya Mkula imepita inaelekea hospitali, bado haijaandikwa jina. Nyuma godoro, wanawake wawili wameshika mwavuli juu ya wa tatu. Haikupiga honi. Dereva alikuwa anakwepa mashimo, moja moja, kama mtu anayebeba mayai.

Niliweka ungo chini. Nikaanza Salamu Maria. Kabla sijafika amina walishakata kona.