Msichana Mkubwa wa Darasa la Kwanza

3 Februari

Shikamoo mama. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila ukuu wa shule nilioupokea kwako si mchezo.

Tuna msichana wa miaka kumi na mitatu, familia yake imehamia juzijuzi. Lugha yetu hajui, lakini madaftari ya kwao yamejaa hesabu ambazo darasa letu la saba halijazifikia. Nimemwandikisha darasa la kwanza kwa kanuni yako: asiyeweza kusoma ukurasa wetu aanzie chini. Watoto wa miaka sita wanamwita Bibi. Nataka wageni wapimwe kwa lugha zao, wakae na wa rika lao. Walimu wamegoma: "Mama yako hakufanya hivyo." Tunapiga kura tarehe ishirini. Waandikie mistari miwili tu, watakusikiliza.

Mwanao

15 Februari

Marahaba mwanangu. Magoti ni yaleyale, yananisema kila nikiona ngazi.

Nilikuwa na watoto sabini kwa mwalimu mmoja. Nani angewapima kwa lugha zao, mimi? Sasa niwaambie walimu niliowalea kwamba nilikuwa napoteza watoto? Hapana. Avumilie. Wengine walizoea.

Mama yako

2 Machi

Shikamoo mama. Natumaini u mzima.

Tumeshindwa kwa kura mbili. Jumatatu msichana hakuja, nikaenda kwao. Baba yake, fundi viatu, alinipa kiti, akanieleza kwa ishara na maneno machache kwamba binti amechoka kuitwa Bibi. Binti mwenyewe alikaa kitandani akinitazama.

Hao waliozoea, mama, ni nani? Nitajie mmoja.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, mwili tu.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nawatafuta. Nimeuliza kila mahali. Wageni niliowaweka chini ni kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemaliza shule. Nilikosea. Wasomee walimu barua hii, na sahihi yangu waione.

Mama yako

14 Juni

Shikamoo mama. Pole kwa kuhangaika.

Nimewasomea. Hakuna aliyebisha, wote wameunga mkono. Wageni wanne wamehamia kwa wa rika lao.

Nilikwenda kumchukua yule msichana, maana hakurudi tena shuleni. Chumbani kuna wapangaji wengine. Familia ilihama Aprili, hakuna anayejua wapi. Nikarudi, nikafundisha kipindi cha mwisho kama kawaida. Sijalia. Nasikia ganzi tu.

Wako walikuwa kumi na mmoja, mama. Huyu ni wangu.

Mwanao