Aliyekanyaga Ndizi

Mpendwa Kokushubira,

Hapa Nshamba wote wazima, mama yako anavuna kahawa. Mimi tu ndiye ninayeisha.

Umeuliza kama mdogo wangu, profesa, alisomeshwa na baba, kama anavyojigamba kwenye televisheni. Uongo! Sitakufa nao. Baba alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndiyo iliyotulipia ada, na ndizi zake alizikanyaga mama ili kuzikamua, kazi ambayo kwetu ni ya wanaume.

Jirani alimcheka: "Mwanamume wa nyumba hii yuko wapi?"

"Si huyu anakanyaga?" mama akajibu, bila kusimama.

Mdogo wangu alikuwepo, akampigia makofi.

Siku ya kunizika, asipewe kipaza sauti mpaka amtaje mama yetu, Nyakato, kwa jina.

Bibi yako,
Asimwe